Kapla za treni: jinsi mabehewa yanavyoshikana, na jinsi mkono wa mtu ulivyotolewa katikati

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Makambako. Mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi wangu stesheni, tukaona injini ikisukuma behewa taratibu hadi likaligusa jingine, ukasikika mlio mmoja wa chuma, na mabehewa yote mawili yakaondoka pamoja bila mtu yeyote kuingia katikati. Marehemu babu yangu alikwenda kufanya kazi ya manamba kwenye shamba la mkonge huko Tanga, akarudi Njombe akiwa hana vidole viwili vya mkono wa kulia. Alikuwa akituambia vililiwa na toroli wakati wa kufunga. Naomba unieleweshe: vyuma vile hushikana vipi vyenyewe, na kwa nini babu alilazimika kutia mkono? Halafu, kwa nini treni ya mizigo inapoondoka hutoa mlio unaokimbia kutoka mbele hadi nyuma? Mwisho, tunacho nyumbani kipande cha chuma alichorudi nacho, urefu wake shibiri moja hivi, kimevimba kichwani. Bibi husema ndicho kilichomkata vidole. Je, ni kifaa cha reli kweli?

JIBU: Marahaba, mwalimu, na poleni kwa yaliyompata mzee wenu. Nimekuwa fundi wa mabehewa kwa miaka 31 kabla ya kustaafu na kutulia hapa Iyunga, na kijana yeyote aliyeletwa kwangu kujifunza kazi nilianza kumfundisha kapla, yaani kile chuma cha kushikanisha mabehewa, kabla ya magurudumu na kabla ya breki, kwa sababu asiyeielewa kapla hana ruhusa ya kusimama karibu na behewa. Kwa hiyo swali lako nimelijibu mara nyingi kwa mdomo, ila sijawahi kuliandika.

Anza na mikono yako mwenyewe. Mwambie mwanafunzi mmoja asimame mkabala nawe, kila mmoja anyooshe mkono wa kulia na kuvikunja vidole vinne viwe kama ndoano, kisha mshikane vidole kwa vidole na kuvutana. Mtaona kwamba mkono wako na wake una umbo lile lile, na kwamba kadiri mnavyovutana ndivyo mnavyozidi kukabana. Kapla mliyoiona Makambako ni hiyo. Haina dume wala jike. Kila ncha ya behewa ina kichwa cha umbo moja, hivyo behewa lolote, hata likigeuzwa mbele nyuma, litashikana na jingine lolote. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini bila hilo stesheni ingehitaji kugeuza mabehewa kila siku kabla ya kupanga treni.

Sasa tusogee karibu. Kichwa cha kapla ni pande kubwa la chuma cha pua kilichomiminwa kwenye kalibu, nalo lina sehemu tatu ambazo kila mtu anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni kidole, yaani kipande kinene kilichopinda ambacho huzunguka juu ya pini ya wima kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba. Kidole kikiwa kimefunguka hutazama mbele, na kikiwa kimefungwa huwa kimepinda kuelekea ndani. Ya pili ni mkia wa kidole hicho hicho, ambao haumo machoni pako kwa sababu umeingia ndani ya kichwa. Ya tatu ni komeo, kipande cha chuma kilichoning'inia ndani ya kichwa, kizito kiasi cha kushuka kwa uzito wake chenyewe bila kusukumwa na springi.

Behewa linapokuja, kidole kimoja angalau lazima kiwe wazi. Vichwa viwili vinapokutana, kile kilichofungwa huingia kinywani mwa kilichofunguka na kuusukuma upande wa ndani wa kidole chake. Kidole huzunguka kikajifunga, mkia wake huingia ndani zaidi, na papo hapo komeo huona nafasi na kudondoka nyuma ya mkia. Ule mlio mmoja mliousikia ni vitu viwili kwa pamoja, vichwa kugongana na komeo kushuka. Kuanzia hapo kidole hakiwezi kufunguka, kwa sababu kila kinapovutwa, mkia hulibana komeo kwenye ukuta wa kichwa. Hata hivyo fundi au shanta (mfanyakazi anayeunganisha na kuachanisha mabehewa) mwenye akili hauamini mlio peke yake. Humwashiria dereva avute kidogo, na mabehewa yakiandamana ndipo huamini. Komeo lililokwama nusu kwa sababu ya uchafu au kutu hutoa mlio ule ule wa kupendeza, kisha huachia kilomita tano mbele.

Vidole vyote viwili vikiwa vimefungwa, vichwa hugongana bure na kurudi nyuma. Na kama mabehewa yapo kwenye kona, vichwa vinaweza kupishana kabisa na kugonga mahali pasipostahili. Kwa sababu hiyo kabla ya kuunganisha mtu hutangulia kukagua, akiwa ameyasimamisha mabehewa na kuyaacha yakiwa mbali ya kutosha, akafungua kidole na kukiweka kichwa sawa katikati. Ajali nyingi za kapla ya kujifunga hutokana na mtu kukumbuka jambo hilo wakati behewa limeshaanza kuja.

Kuachanisha ni rahisi, lakini kuna siri moja ambayo wanafunzi wako wa fizikia wataifurahia. Pembeni mwa behewa, kwenye kona, kuna mpini wa chuma unaofika hadi kwenye komeo. Shanta akiwa amesimama nje ya reli huuinua, komeo hupanda, mkia huachiwa, injini huvuta, kidole hufunguka chenyewe na mabehewa huachana. Ila mabehewa yakiwa yanavutana, mpini hauinuki hata aje mtu wa namna gani, kwa kuwa msuguano kati ya mkia na komeo ni mkubwa mno. Lazima kwanza injini isukume kidogo ili kapla zilegee. Na huo ndio usalama wenyewe, kwa maana treni inayovuta mzigo haiwezi kujifungua kwa bahati mbaya, ilimradi komeo limeshuka sawasawa.

Hapa niseme ukweli kuhusu neno lako «bila mtu kuingia katikati». Kapla hujifunga yenyewe, lakini mpira wa breki, ule unaopitisha hewa ya breki kutoka behewa hadi behewa, haujifungi. Baada ya vichwa kushikana, mtu huingia kati ya mabehewa yaliyosimama, akaunganisha vichwa vya mipira kwa mkono, akafungua koki, na breki ya behewa jipya ikawa sehemu ya breki ya treni nzima. Tofauti na zama za babu yako ni kwamba sasa mtu huingia wakati hakuna kinachotembea, na kwa makubaliano na dereva kwamba hatagusa kitu hadi atakapoona ishara. Wanafunzi wako hawakuliona hilo huenda kwa sababu walikuwa upande wa pili, au kwa sababu yale mabehewa yalikuwa yanapangwa tu uwanjani.

Kuhusu mlio unaokimbia. Kapla ya kidole haikazwi. Kati ya kidole na kidole kuna ulegevu, na nyuma ya kichwa, chini ya sakafu ya behewa, shingo ya kapla imeshikwa na fremu iliyobeba shokapu, yaani springi au bamba za msuguano au za mpira zinazobonyea treni inaposukumwa au kuvutwa. Ukijumlisha ulegevu na kubonyea huko, kila kiungo kina nafasi ya sentimita kadhaa. Tuchukue sentimita 5 kwa kila kiungo, na treni ya mabehewa 30. Hiyo ni karibu mita moja na nusu ambayo injini inaweza kusogea kabla behewa la mwisho halijajua kwamba safari imeanza. Injini huchukua behewa la kwanza, la kwanza huchukua la pili, na kila linapochukuliwa vidole hugongana. Ndio huo mlio unaoukimbilia mkia wa treni.

Ulegevu huo zamani ulikuwa na faida kubwa. Gurudumu lililosimama hukataa kuanza kuzunguka kuliko linavyokataa kuendelea, hasa kwa beringi za kizamani zilizolala kwenye mafuta yaliyopoa. Injini iliyoshindwa kuanzisha mabehewa 30 kwa mkupuo iliweza kuyaanzisha moja moja. Beringi za siku hizi zimepunguza haja hiyo, lakini ulegevu umebaki, na umebaki na hatari yake. Dereva akifunga breki vibaya, mabehewa ya nyuma huja kwa kasi na kuyarundikia ya mbele, kisha yakivutika tena ghafla, nguvu inayopita kwenye kapla moja inaweza kuzidi mara nyingi ile ya kuvuta kwa utulivu. Dereva mzuri humtambua kwa kusikiliza. Mlio wake ni mwepesi na umepangika, kama mtu anayehesabu.

Fikiria reli yetu hii inavyopanda kutoka bonde la Kilombero, Mlimba, kwenda Makambako, kupitia mahandaki na madaraja, halafu iendelee kupanda hadi Uyole, karibu mita 1,790 juu ya usawa wa bahari. Weka kwenye ubao treni ya tani 1,000 kwenye mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 50. Uzito unaoirudisha nyuma ni tani 20, yaani takriban kilonewtoni 200, na zote zinapita kwenye kapla ya kwanza nyuma ya injini. Kapla ya katikati hubeba nusu. Ya mwisho hubeba behewa lake tu. Kwa hiyo mafundi hutazama mabehewa ya mbele kwa jicho kali zaidi, na mpangaji wa treni hatakiwi kuweka behewa lenye kapla ya mashaka mbele ati kwa sababu ndilo lililokuwa karibu.

Chuma kikielemewa, kitu lazima kikatike, na waliounda kapla walichagua kikatike nini. Walichagua kidole. Kichwa, shingo na fremu ya ndani vimefanywa imara kuliko kidole, kwa sababu kidole hubadilishwa njiani kwa kutoa pini moja tu, ilhali shingo ikikatika behewa linahitaji karakana. Ni kama fyuzi ya umeme. Kidole kimoja kina uzito wa zaidi ya kilo 30, kwa hiyo kubadilisha si kazi ya mzaha kwa mtu anayekibeba juu ya kokoto usiku, lakini ni kazi ya dakika chache.

Usiku mmoja wa mvua, miaka mingi iliyopita, treni ya mizigo ilisimama mlimani, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kituo kidogo nilichokuwa nimelala. Nilipofika nilikuta behewa la tatu limeachana na la nne, mipira ya breki imejichomoa yenyewe kama ilivyoundwa kufanya, breki zimekamata pande zote mbili, na kidole kimevunjika katikati. Nilikimulika kwa tochi. Theluthi moja ya sehemu iliyovunjika ilikuwa nyeusi ya kutu, laini, na theluthi mbili zilikuwa za kijivu zinazometa, zenye chembechembe kama sukari guru iliyovunjwa. Ile nyeusi ilikuwa ufa wa siku nyingi, ambao maji yalikuwa yakiingia safari baada ya safari, na ile inayometa ndiyo chuma kilichobaki kikivuta treni nzima hadi usiku huo. Tuliweka kidole kipya, tukajaribu kuvuta, wakaenda zao. Kile kilichovunjika nilikihifadhi, na kila kijana niliyemfundisha nilimpa akishike, akipapase pale weusi unapokutana na weupe, kisha nikampeleka akatafute ufa kama huo kwenye behewa lililosimama kabla haujawa mweusi.

Sasa turudi kwa babu. Hapa kwetu nyanda za juu kusini treni iliingia miaka ya sabini. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa mwaka 1976. Kabla ya hapo mtu wa Njombe, Iringa au Rungwe aliyefahamu reli aliifahamu kwa kwenda mbali, ama migodini kusini, ama mashambani Tanga na Morogoro, ambako mkonge ulibebwa kwa vireli vyembamba kutoka shambani hadi kiwandani. Toroli za huko zilifungwa kwa njia ya zamani kuliko zote, ambayo ni pete na pini, au mnyororo na pini. Kila toroli ilikuwa na mfuko wa chuma wenye tundu juu na chini. Pete ndefu ya chuma iliingizwa kwenye mfuko wa toroli moja na pini ikatumbukizwa kuishika. Ncha ya pili ya pete ilikuwa inaning'inia, kwa hiyo mtu alilazimika kuinyanyua kwa mkono na kuilenga kinywani mwa toroli inayokuja, aondoe mkono, kisha atumbukize pini ya pili. Kati ya kulenga na kuondoa mkono kulikuwa na muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na aliyekuwa akisukuma upande wa pili hakuona mkono wa mtu. Babu yako hakuwa mzembe. Kifaa chenyewe kilidai mkono uwe pale.

Njia hiyo hiyo, kwa vipimo vikubwa, ndiyo iliyotumika kwenye reli za Marekani karne ya kumi na tisa. Inasimuliwa kwamba msimamizi aliyetafuta mfanyakazi mzoefu alitazama vidole vyake, na aliyekuwa navyo vyote kumi alihesabiwa mgeni wa kazi. Katika mwaka mmoja, ule ulioishia Juni 1893, wafanyakazi zaidi ya 400 walikufa na zaidi ya 11,000 walijeruhiwa katika kufunga na kufungua mabehewa peke yake. Rais Benjamin Harrison aliliambia Bunge lao mwaka 1889 kwamba ni aibu mfanyakazi kukabiliwa na hatari sawa na ya askari vitani.

Na dawa ilikuwa imeshapatikana! Eli Janney, askari wa zamani aliyekuwa karani katika duka la vitambaa huko Alexandria, Virginia, alichonga kwa kisu mfano wa mti wa kapla yenye kidole, akapewa hataza yake mwaka 1873. Kidole mlichokiona Makambako ni mjukuu wa kile cha mti. Kwa nini basi ilipita miaka 20 watu wakiendelea kukatwa? Hapa ndipo napenda kukaa, kwa sababu wengi hudhani kwamba kifaa kizuri kikishabuniwa kazi imekwisha. Kapla si kama taa au beringi, ambayo ukiifunga kwenye behewa lako unafaidi peke yako. Kapla mpya haina maana kama behewa la jirani halina ya namna hiyo. Mabehewa ya Marekani yalizunguka kutoka kampuni hadi kampuni, wabunifu waliandikisha maelfu ya hataza, na kila tajiri wa reli aliogopa kutangulia kutumia fedha kwenye kapla ambayo isingeshikana na ya mwenzake.

Kilichosukuma mambo ni watu wachache waliokasirika kwa haki. Mkulima mmoja wa Iowa, Lorenzo Coffin, alimshuhudia mwaka 1874 mfanyakazi wa reli akipoteza vidole viwili akifunga mabehewa. Vidole viwili, mwalimu, kama vya babu yako. Coffin aliifanya hiyo kuwa kazi ya maisha yake. Aliandika, alihutubia, aliwafuata wakubwa wa reli ofisini mwao, na hakuacha. Chama cha watengenezaji wakuu wa mabehewa kilizipima kapla za namna nyingi na mwaka 1887 kikachagua umbo la Janney liwe kipimo cha wote. Mwaka 1893 Harrison alitia saini sheria iliyoyalazimisha makampuni kutumia kapla za kujifunga ambazo mtu hahitaji kuingia kati ya mabehewa, pamoja na breki za hewa, na baada ya kuongezewa muda ilianza kubana kikamilifu mwaka 1900.

Kipindi cha kati kilikuwa kigumu, na kuna kitu kimoja kinachoonyesha ugumu huo kuliko maelezo yoyote. Vidole vya wakati huo vilitobolewa tundu la wima na kuchanjwa mfereji wa ulalo katikati, ili kidole cha kisasa kiweze kupokea pete na pini ya behewa la kizamani. Tundu hilo lilikipunguzia kidole nguvu mahali pale pale kinapoelemewa. Walikubali kidole dhaifu kwa muda ili mabehewa ya zamani na mapya yaweze kwenda pamoja.

Wajapani walikwepa kipindi hicho kwa namna ambayo hadi leo inanishangaza. Reli yao ilikuwa na upana wa milimita 1,067, sawasawa na TAZARA, na mabehewa yao mengi yalifungwa kwa mnyororo na ndoano kwa mtindo wa Ulaya. Waliandaa kapla mpya kwa miaka kadhaa, wakazining'iniza chini ya mabehewa yaliyokuwa yakiendelea na kazi, kila behewa likibeba kapla yake ambayo bado haitumiki. Ilipofika tarehe 17 Julai 1925 walisimamisha treni za mizigo kisiwani Honshu, mafundi wakashuka uwanjani kisiwa kizima, na kwa siku moja makumi ya maelfu ya mabehewa yakabadilishwa. Siku tatu baadaye wakafanya hivyo Kyushu. Nikiwa fundi naweza kukuambia kwamba kazi ya kufungua nati haikuwa kubwa. Kubwa ilikuwa kupanga kwamba kila behewa, popote lilipo siku hiyo, litakuwa na mtu na spana.

Warusi walichukua njia ndefu. Walichagua kapla iitwayo SA-3, ambayo haina kidole kinachozunguka. Kichwa chake ni kama ngumi yenye makucha mawili, na komeo hutokeza mbele. Ni imara sana kwa treni nzito. Walianza mwaka 1935, vita ikawachelewesha, wakamaliza mwaka 1957.

Ulaya Magharibi, walikoanzia reli, ndiko waliko nyuma katika jambo hili hadi leo, na nasema hivyo bila kuwadharau. Mabehewa yao ya mizigo bado hufungwa kwa ndoano na skrubu, yakiwa na bafa mbili pembeni, yaani vyuma vya kupokea msukumo wa behewa jirani. Skrubu hukaza hadi bafa zibanane, kwa hiyo hakuna ulegevu na safari ni tulivu, nalo ni jema kwa abiria. Lakini mtu huinama kupita chini ya bafa, akasimama katikati, akainua chuma cha zaidi ya kilo 20 na kukizungusha kwa mikono, kila kiungo, mvua ije jua liwake. Wamejaribu kubadilika zaidi ya mara moja wakakwama pale pale walipokwama Wamarekani, nani atangulie kulipa. Sasa wamechagua kapla ya kujifunga yenye asili ya ile ya Mjerumani Karl Scharfenberg ya mwanzoni mwa karne ya ishirini, ambayo hushikanisha chuma, hewa ya breki na nyaya za umeme kwa mgusano mmoja. Ikifanikiwa, hata ule mkono wa mpira wa breki niliokutajia utaondoka katikati.

Sisi tulifaidika kwa kuchelewa. Wachina walikuwa wakitumia kapla ya kidole tangu mwanzoni mwa karne ile, ikiwemo kwenye reli ya milimani ya mhandisi Zhan Tianyou kutoka Beijing hadi Zhangjiakou, iliyokamilika mwaka 1909. Walipokuja kujenga TAZARA, mabehewa yalishuka melini yakiwa tayari na kapla ya kujifunga, na katika njia yote ya kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, hakuna shanta aliyefundishwa kulenga pete kwa mkono. Ile hoja ya makubaliano haikutuacha, hata hivyo. Nenda Kidatu, ambako reli yetu hukutana na ile ya kati yenye upana wa milimita 1,000, uone mizigo ikihamishwa kutoka behewa hadi behewa. Behewa ni la watu wawili daima, aliye nalo na atakayelipokea.

Umbo la Janney lenyewe limeendelea kurekebishwa. Komeo limeongezewa kizuizi ili mtikisiko usilipandishe njiani. Kapla za mabehewa ya abiria zimepunguziwa ulegevu kwa kuchongwa zikabane zaidi. Na kapla za matangi ya mafuta na kemikali Marekani zimewekewa vibao juu na chini ya kichwa, baada ya ajali ambamo kapla ilichomoka kwa kupanda juu ya mwenzake na kulitoboa tangi lililo mbele. Ukiona kapla yenye kibao kama mdomo wa chini uliotokeza, hiyo ndiyo sababu yake. Kwa kapla ya kawaida, kinga ni kuhakikisha vichwa viwili havipishani sana kimo, jambo linaloharibika polepole magurudumu yanapolika na springi zinapolegea, ndiyo maana fundi hutembea na kipimo cha urefu kutoka juu ya reli.

Nimalizie na kile chuma cha nyumbani. Kwa maelezo yako inaelekea kabisa kuwa pini ya kufungia, lakini usiniamini mimi, kisomeni chenyewe. Msikisugue kwa msasa. Kifuteni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha mkizungushe taratibu kwenye mwanga wa dirishani. Pini ilipokuwa kazini, pete iliivuta katikati kuelekea upande mmoja, na kuta za mfuko zikaizuia juu na chini kutoka upande wa pili. Kwa hiyo mtafute bonde moja lililolika katikati, na upande unaotazamana nalo mtafute alama mbili, moja juu ya bonde na moja chini yake. Huenda pia imepinda kidogo, ikiwa imetunisha kifua upande wa zile alama mbili. Msumari wa reli au bolti haina alama tatu za mpangilio huo. Mkizikuta, wachoreeni wanafunzi mishale mitatu ya nguvu juu yake, na bibi awe amekaa hapo karibu mnapochora, maana yeye anastahili kusikia kwamba alichokuwa akiwaambia miaka yote kimeandikwa ndani ya chuma.